Nilipomrukia Mume Wangu, Ndugu Yangu Alikuwa Chini ya Gari

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na nimerudi kuishi kwa mama yangu nje kidogo ya mji wa Machakos. Wasomaji wenzangu, nimewaona mkisimulia habari za wanaume waliowavunja moyo. Wangu alivunja zaidi ya moyo... na nilichobakiwa nacho nikakimaliza kwa mikono yangu mwenyewe!

Nilikutana na Musyoka pale Kyumbi nikiwauzia chai na chapati mafundi wa jua kali. Yeye alikuwa fundi wa bodi za magari. Tulipooana nilimwomba anifundishe kuchomelea vyuma. Alinifundisha vizuri, tena kwa majivuno! Aliwaita wenzake waje wamwone mkewe akishika mashine.

Shida ilianza wateja walipoanza kuniulizia mimi. Mtu anashuka kwenye gari, anampita Musyoka kama hamwoni, anauliza, mama yuko? Swali hilo nililipia nyumbani. Alinichapa kwa mpira wa maji, kwa mshipi, siku moja kwa ubapa wa panga. Nikiulizwa alama za mikononi nilisema ni cheche za welding. Nani angebisha? Hata Mutua, ndugu yangu mdogo niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, nilimdanganya. Alimpenda sana shemeji yake. Jumapili baada ya kanisa walikaa pamoja wakila muthokoi na kucheka... mimi nikiwapakulia kwa mkono uliovimba.

Basi akaja mzee mmoja mkulima kutoka upande wa Ekalakala na gari lake kuukuu la shamba. Kutu ilikuwa imekula sakafu yote, na kingo za chini ya milango ukizishika zinamomonyoka kama mkate mkavu. Chesisi nayo, ule mhimili wa chini ambao bodi huukalia, ilikuwa imepasuka. Ilibidi bodi inyanyuliwe ili chesisi itolewe itengenezwe. Musyoka alianza kueleza atakavyofanya, lakini mzee akamkata kauli mbele ya gereji nzima: "Hii nimeletea mama. Wewe utamsaidia kubeba."

Mume wangu alicheka. Laiti ningekielewa kicheko kile!

Bodi iliyooza hainyanyuliwi hivi hivi. Haina sakafu ya kuishikilia, ukiivuta juu inajikunja katikati kama katoni iliyolowa. Kwa hiyo nilichomelea paipu za chuma ndani yake. Nyingine zilikingama kwenye nafasi za milango, nyingine zilitoka upande hadi upande, na mbili ndefu zilipishana kutoka mbele hadi nyuma. Hizo mbili ndizo zilizobeba kila kitu. Nilizichomelea kwa moyo wangu wote, jamani. Nilijua kazi hii ikienda sawa nitapata jina, nifungue gereji yangu, nihame na watoto, nisipigwe tena. Hilo sikumwambia mtu.

Siku ya kunyanyua nilimwita Mutua. Alikuwa na nguvu kwa sababu ya kupakia mchanga kwenye malori. Kabla hatujaanza, Musyoka aliniambia kwa upole niende nikawaletee wanaume chai. Nikiwa hotelini nilisikia grinda, ile mashine ya kukatia vyuma, ikilia kule kwetu. Sikushtuka. Kyumbi grinda hulia mchana kutwa!

Nilirudi, wakanywa, tukafunga mnyororo. Bodi ikapanda polepole, wanaume wakiitegemeza kwa mabega pande zote. Kumbe paipu moja ya breki ilikuwa bado imeshika. Mutua akaingia kati ya bodi na chesisi kuikata.

Kukasikika mlio wa chuma kukatika. Bodi ikajikunja katikati, mnyororo ukachomoka, nusu ya nyuma ikamshukia Mutua kifuani na kumbana juu ya chesisi. Wanaume waliishikilia nusu ya mbele, mishipa ikiwatoka shingoni.

"Nduku," ndugu yangu aliniita. "Nduku, nitoe hapa."

Nikainama. Na hapo ndipo nilipoiona ile paipu ndefu. Haikuwa imevunjika yenyewe. Ilikuwa imekatwa karibu yote, mkato ulionyooka, unang'aa, na kwa juu ulikuwa umepakwa grisi na vumbi nisiuone. Sijafungua mdomo, Musyoka akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika na wote: "Si niliwaambia huyu ni wa kuuza chai."

Mungu wangu... damu ilinipanda kichwani! Niliokota kipande cha paipu nikamtandika nacho usoni. Meno yalimtoka. Nikampiga tena, begani, shingoni, nikitaka afe, sitawaficha. Akanikamata nywele, akanigongesha kichwa kwenye nguzo, akanikanyaga tumbo. Nikamuuma mkono mpaka nikaonja damu yake. Miaka yote ya mpira wa maji ilinitoka saa ile! Wanaume walipoona tunauana, wawili wakaiacha bodi wakaja kutuamua.

Waliobaki hawakuuweza uzito ule. Nusu ya mbele nayo ikashuka.

Sauti ya Mutua ikakatika.

Walipoinyanyua ile bodi, ndugu yangu alikuwa ameshakufa. Mafundi walipouona ule mkato kwenye paipu, umati ulimpiga Musyoka kwa mawe na vyuma mpaka polisi wakamnasua akiwa nusu mfu. Sasa yuko rumande. Anadai alitaka bodi ipinde tu, niaibike. Eti hakukusudia kuua! Lakini alikuwa amesimama pale. Alimwona Mutua akiingia, na akanyamaza.

Msibani kila mtu alinifariji kwamba ni Musyoka aliyemuua. Niliitikia kwa kichwa. Wageni walipokwisha kuondoka, mimi na mama tulikaa nje mchana tukichambua mbaazi, ndipo akaniuliza bila kuniangalia: "Mwiitu wakwa, binti yangu, Mutua alipokuita, ulienda kwa nani kwanza?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, kwa Musyoka.

Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani. Tunaishi nyumba moja, ananipakulia chakula, lakini hajalitaja jina langu tena.

Dada zangu, nawaomba, mkipigwa semeni! Msisingizie cheche, msisingizie mlango. Mutua angejua yule ni mtu wa aina gani, hangekubali kuingia chini ya kitu alichokigusa. Na wewe uliyetendewa ubaya, unayeona damu mbele ya macho... mkosaji wako utampata tu, kesho au keshokutwa. Mwendee kwanza anayekuita. Mimi ningenyoosha mkono tu ningemgusa ndugu yangu, lakini mkono ulikuwa umeshika paipu.