Soma Kinachoondoka Kabla Hujasema Ndiyo

Kazi yangu ni kutarizi. Wiki ile macho yalikuwa mazito na mgongo haunyooki. Nilikuwa na sare za wanafunzi wauguzi, na binti yangu ni mmoja wao. Jumatatu, asiye na jina kifuani haingii wodini.

Majina tunayaandika kwenye kompyuta, nayo inayapeleka kwenye cherehani. Jumamosi kompyuta ikataka kusasishwa. Ikaandika maneno chungu nzima, mwisho ikauliza: ndiyo au hapana?

"Baba watoto, inasema nini?"

"Kelele zake za kila siku." Akabonyeza ndiyo, akarudi kwenye chai.

Ilipowaka tena, programu ya kutarizi haipo. Cherehani kimya.

"Mama, sasa nitavaa nini?" binti akauliza. Nikamwita jirani, fundi wa kompyuta. Akaketi, akaifukua ile taarifa, akamgeukia mume wangu.

"Shemeji, mbona uliambiwa! Hiki kinachoweka na kuondoa programu huitwa kisimamizi cha vifurushi. Kilieleza vizuri tu. Programu ya kutarizi inategemea kipande cha zamani cha kuchorea. Mfumo mpya unataka kipande kipya. Viwili hivyo havikai pamoja, kwa hiyo kutarizi kutaondolewa. Kikakuuliza, ukakubali."

"Nilidhani kinauliza kwa adabu tu," mume wangu akasema.

Hakuna aliyecheka ila jirani.

"Narudisha mfumo ulivyokuwa, pamoja na kipande cha zamani na programu yako," akaniambia. "Nakizuia kisibadilishwe kwa sasa. Programu ikipata toleo linalokubali kipande kipya, tutasasisha vyote pamoja. Usikizuie milele lakini, masasisho huziba mianya ya wezi."

"Na ikiuliza tena?"

"Tafuta palipoandikwa 'vitaondolewa'. Ukiona kitu cha kazi yako, jibu hapana. Hapana haiharibu kitu. Kisha niite."

Cherehani ikaanza kulia. Jumapili nzima sikuinua kichwa. Jumatatu binti akaingia wodini, jina kifuani.

Mama mwenzangu, najua umechoka. Hata mimi nimechoka. Lakini hapo pa kuondolewa, soma.

Juzi kompyuta iliuliza tena. Baba watoto akaweka chai chini, akavaa miwani, akasoma kwa kidole.

"Kutarizi kupo?" nikauliza.

"Kupo. Kinachoondoka ni mchezo wangu wa karata."

"Basi bonyeza ndiyo."

"Ngoja kwanza," akasema. "Kamwite jirani."