Kitambaa Mlangoni mwa Mzinga

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alifagia uwanja, akawatupia kuku mahindi, kisha akajaza maji kwenye beseni la nyuki. Ndani yake alipanga kokoto ili nyuki watue na kunywa bila kuzama. Jina hilo la Pilipili alipewa na majirani, kwa ulimi wake mkali na hasira zake za papo kwa papo.

Wiki hiyo alikuwa na sababu ya kuwaka. Mtoto wa fundi wa kuchomea vyuma, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alirusha jiwe kwenye mizinga ya mama. Nyuki wakamshambulia usoni mpaka macho yakavimba. Na nani akaadhibiwa? Mrusha mawe? Thubutu! Mwenyekiti wa mtaa aliamuru mizinga yote mitatu iondolewe kabla ya wiki kwisha.

"Si tuisogeze tu nyuma ya jiko?" Pilipili aliuliza huku amenuna.

"Ukiisogeza hapo karibu, nyuki wakitoka kwenda kwenye maua watarudi mahali pa zamani, waukose mzinga wao," mama alisema. "Lazima iende mbali kabisa. Tunaipeleka shambani kwa mjomba wako, ng'ambo ya kilima."

Mama alikuwa mfuga nyuki tangu ujana wake. Mzinga wa bluu, ulio mkubwa kuliko yote, ndio uliozaa makundi ya ile mingine miwili. Ukifa huo, mama amekwisha.

Siku ya kuhama waliamka alfajiri, nyuki wote wakiwa bado ndani. Mama na dereva wa pikapu walifunga vifuniko kwa kamba. Pilipili alipewa kazi ya kupigilia vipande vya waya wa mbu kwenye milango ya mizinga.

"Waya, si kitu kingine," mama alisisitiza. "Hewa ipite. Nyuki waliofungiwa hupata joto vibaya mno."

Mizinga miwili aliipigilia vizuri. Alipofika kwenye ule wa bluu, sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Nendeni zenu na wadudu wenu!" Alikuwa yule yule mrusha mawe, tena anacheka.

Damu ikamchemka Pilipili. Aliinua nyundo kwa hasira, akajigonga kidole gumba, na kipande cha waya kikamponyoka na kutumbukia kwenye mtaro wa maji machafu. Aende ndani akakate kingine? Hana hamu! Akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akakishindilia mlangoni mwa mzinga mpaka kikakaza.

"Yote ina waya?" mama aliuliza.

"Yote, mama."

Wakapakia mizinga, wakaondoka. Dereva huyo wa pikapu watu walimwita Taratibu, maana hata mbuzi walimpita barabarani. Siku hiyo hakufika hata nusu ya njia, tairi likapata pancha. Jua nalo likapanda. Wakati Taratibu anahangaika na jeki, mama alizunguka nyuma kusikiliza mizinga. Ule wa bluu ulikuwa unavuma kwa sauti ya juu, ya kutisha. Baada ya muda mvumo ukaanza kufifia.

Mama akageuka mbogo. "Unaniulia nyuki wangu, Taratibu! Nilikwambia tuwahi jua! Tairi lenyewe kipara kama goti!"

"Mama wee, mimi ndiye niliyetega misumari barabarani?"

"Nyamaza! Sipandi tena gari lako, na sokoni kote watajua wewe ni mtu gani!"

Taratibu akainamisha kichwa, akaendelea kufungua nati. Pilipili alimtazama dereva, kisha mzinga. Angeweza kunyamaza, na lawama zote zingebaki kwa dereva. Lakini mvumo ulizidi kushuka.

"Mama, si yeye," alisema. "Ni mimi. Yule mtoto wa fundi alinitia hasira, nikaziba kwa kitambaa."

Mama alimtazama kana kwamba hamjui. Kisha akapiga kelele, "Kofia! Moshi! Upesi!"

Waliushusha mzinga na kuuweka kwenye kivuli cha gari. Mama akavaa kofia yenye wavu, akapuliza moshi, akakivuta kitambaa kwa koleo. Nyuki wachache wakachomoka, mmoja akamdunga Taratibu sikioni. Mama akafunika mlango kwa waya uliobaki kwenye mfuko wa vifaa, Pilipili akamwaga maji juu ya kifuniko. Walisubiri, wametega masikio. Polepole mvumo ukarudi, mzito na wa kutulia.

Shambani, mizinga ilipokwisha kuwekwa juu ya vigingi vyake, mama aliufungua ule wa bluu na kukomba nyuki waliokufa. Walijaa sahani. Wengine walikuwa hai, nao wakaanza kuruka mbele ya mlango wakijifunza makao mapya. Kundi limepona.

Lakini mama hakupoa. Alimsukumia Pilipili ile sahani. "Hawa walikutukana?"

"Hapana, mama."

"Umemkasirikia mtoto wa fundi, wamekufa hawa! Yeye saa hizi yuko kwao anakunywa chai."

Pilipili akalia. Mama akamwacha alie, kisha akasema, "Kukasirika sikukatazi. Yule mtoto alikosa, na mwenyekiti hakututendea haki. Lakini kazi ya mikono haifanywi kwa hasira, na ukishaiharibu, usidanganye. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungesema pale nyumbani, sahani hii isingejaa. Umesema njiani, ndiyo maana mzinga mzima haukufa."

Alivua glavu, akamtazama Taratibu aliyekuwa ameketi kwenye pikapu akijikanda sikio.

"Na mimi nimemshushia matusi mtu asiye na kosa, kwa hasira kama zako. Futa machozi. Twende tukamwombe radhi, wewe kwa uongo, mimi kwa ulimi wangu. Tena mimi naanza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa."