Koti Nyuma ya Mlango

Jumamosi mtaa wetu wa maduka haupitiki. Wachuuzi wamejaa hadi kwenye ngazi za benki, magari yanapiga honi bila sababu, na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo akatokea Sindano, fundi cherehani, amebeba gauni la harusi jeupe pe, amelinyanyua juu kwa mikono yote miwili kama anayevuka mto. Jina hilo la Sindano majirani walimpa kwa sababu ya ulimi wake. Ufundi ulikuja baadaye. Mwenyewe alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa sawasawa, na tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Wenzake huvaa mkufu, yeye huvaa tepu, na inampendeza.

Sasa, mbele ya duka la kunyolea kulikuwa na mbwa aitwaye Bosi, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limelala, ametoka kugaragara kwenye dimbwi. Bosi anapenda watu, na akimpenda mtu humrukia. Kinyozi alimwona akijiandaa kuruka. Akamwacha mteja kitini na povu shavuni, akatoka mbio. Kumshika mbwa hakuwahi. Aliwahi kusimama kati ya mbwa na gauni, na tope lote likaishia kwenye koti lake la kazi.

Sindano alilikagua gauni kwanza, upindo hadi kola. Halikuwa na hata tone. Ndipo akamtazama mwanamume: mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, macho yanacheka kabla ya mdomo.

"Mbwa wako hana adabu," akasema.

"Adabu anayo. Leo kaona kitu kizuri, akaisahau."

"Gauni hili lina mwenyewe."

"Sikusema gauni."

Sindano akageuza uso asionekane anatabasamu, na sisi tunaomfahamu tunajua hilo halijapata kutokea.

Jioni simu ikalia. Kinyozi alikuwa ameisoma namba yake kwenye kibao cha duka, na alitaka tu kujua kama gauni lilifika salama. Kesho yake akapiga tena kuulizia gauni. Wiki nzima akawa anaulizia gauni, na bibi harusi alishaenda fungate zamani. Sindano alimwacha aulize. Kisebusebu na kiroho papo. Alikuwa akijifanya amechoshwa, na huku simu anaiweka karibu na cherehani asije akaikosa.

Mwisho akamshonea koti jipya la kazi, jeupe, mfuko wa kifuani umezungushiwa uzi wa buluu, mshono wa mkono usiopatikana dukani. Kinyozi akawa anawaringia wateja wote. "Kashona mtu wangu," anasema, hata kwa asiyeuliza. Na Sindano akaanza kupita njia ya duka la kunyolea hata pale ilipokuwa ndefu, aone kazi ya mikono yake ikitembea mgongoni mwa mtu anayempenda. Walikuwa wanaringiana hadharani, na mtaa mzima ukaona fahari pamoja nao.

Basi wakapanga Jumapili ya mwisho wa mwezi Kinyozi aende kwa mama yake Sindano, ajulikane. Mama akabadilisha mapazia. Mama yule habadilishi mapazia kwa mgeni yeyote.

Zikiwa zimebaki siku chache, Kinyozi akaamka mapema kwenda kununua mashine mpya ya kunyolea. Akamwachia Sindano mbwa, akasema hatachelewa. Bosi akatulia kidogo chini ya meza ya kukatia, kisha akasimama, akaukwaruza mlango kwa kucha. Sindano akadhani ana haja, akamtoa. Mbwa akamvuta, barabara ya kwanza, ya pili, hadi kwenye jengo la ghorofa lililo nyuma ya duka la dawa. Akampandisha ngazi bila kusita, kama mtu anayekwenda kwake, hadi ghorofa ya juu kabisa, akakwaruza mlango.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mzuri, gauni la satini la nyumbani, nywele bado mbichi.

"Leo umekuja peke yako?" akamwambia mbwa, akimkuna shingo. "Mwenzako yuko wapi? Chai yake inapoa."

Nyuma ya ule mlango, kwenye msumari, lilitundikwa koti jeupe lenye mfuko wa uzi wa buluu.

Yule mwanamke akainua macho, akamwona Sindano kwenye ngazi, akasema karibu, dada. Dada akaukaza mkanda wa mbwa akashuka, na njia nzima hakusalimia mtu.

Hapo mimi ningeuliza. Wewe ungeuliza. Swali moja tu mlangoni pale lingemaliza kila kitu. Lakini Sindano alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mwanamke haulizi habari za mwanamume wake mlangoni kwa mwanamke mwingine, na kiburi cha namna hiyo hakitoki kwa siku moja.

Kinyozi alipopiga simu mchana, aliyezoea kuitwa mpenzi hakuitwa hata jina.

"Koti langu liko wapi?" Sindano akamuuliza.

"Lipo mahali," akajibu Kinyozi taratibu.

"Na mahali hapo pana chai."

"Roho yangu, kuna jambo ambalo si langu. Nikilisema nitakuwa nimemvunjia mtu heshima. Naomba uniamini."

"Mimi nakata na kupima. Kuamini nisichokipima siwezi."

Akakata simu. Alipigiwa tena na tena, hakupokea. Kisha simu zikakoma, tukasema Kinyozi naye ana kiburi chake, na hapo ndipo moyo wa Sindano ulipouma kweli. Akamwambia mama yake Jumapili hakuna mgeni. Mama akauliza kisa, akaambiwa, akasema hasira hasara, na kwamba mapazia yake hayashuki. Sindano akalia usiku ule hadi mto ukaloa, akaamka akafungua duka kama kawaida.

Jumamosi ndipo mtaa ulipopata la kusimulia.

Katika jengo lile la nyuma ya duka la dawa anaishi Mwalimu Mkuu, mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa huu na kuwakagua kucha wote. Tulisikia anaumwa. Binti yake muuguzi, aliyekuja kutoka mbali kumtunza, alikuwa akituma ujumbe kwamba baba amepumzika, msije, nasi tukawa tunaacha matunda chini kwenye ngazi na kuondoka kimyakimya. Hakuna aliyekuwa amemwona tangu ugonjwa uanze. Asubuhi ile akatoka nje. Suti ya kijivu, tai ameifunga mwenyewe, imekwenda upande. Mkono wa kulia umelegea, mguu unaburuta. Kidevu kimenyolewa safi, na kipande cha karatasi kimebandikwa alipojikata. Mkono wa kushoto ameshika mkanda wa Bosi, na Bosi yule yule anayemburuta kila mtu alikuwa akienda hatua kwa hatua na mzee, akisimama anaposimama. Binti yake alifuata nyuma bila kumgusa.

Majirani walifanya jambo ambalo nitawasifu kwalo hadi nife. Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyekimbilia kumshika. Muuza magazeti akasema shikamoo Mwalimu kama aliyemwona jana, muuza matunda akasogeza toroli lake njia ipite, na mzee akaitikia marahaba, marahaba, hadi duka la Sindano.

Sindano akasimama. Alimtambua binti kabla ya baba: mwanamke wa satini, leo katika sare ya kazi.

"Wewe ndiye uliyeshona lile koti?" mzee akauliza. Maneno yalitoka polepole, ila yalitoka kamili.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mshono mzuri. Nautazama kila asubuhi; siku ile koti lilibaki kwetu kufuliwa, nililimwagia povu. Leo mwenye koti kaja mikono mizito, hasemi, akaniachia mbwa akaenda zake. Binti yangu akanisimulia habari za dada mwenye tepu shingoni. Nikaelewa." Akashusha pumzi. "Tangu mkono huu unigomee sikutaka mtu anione. Nilimwapisha yule kijana asiseme kwa yeyote, hata kwa ampendaye. Huja kabla hajafungua duka. Wala haninyoi. Ananishikia kioo nijinyoe mwenyewe, hata nikichukua saa nzima. Mkono ukitetemeka hunipa brashi nimchane huyu mbwa hadi utulie, kisha tunaendelea. Angeninyoa mara moja akaenda zake. Hakutaka kuninyang'anya hilo."

Sindano machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akauliza kwa nini Mwalimu amejitesa kushuka ngazi zote zile.

"Heshima yangu inataka kumgharimu kijana mke. Haijafikia bei hiyo."

Sindano akatoka vile alivyo, pini zikiwa bado zimechomwa begani kwenye gauni. Duka la kunyolea lilijaa wateja hadi kizingitini. Kinyozi alikuwa amemwinamia mtu, akamwona kwenye kioo, mkono ukasimama.

"Nimekuja kuomba radhi," Sindano akasema, "na sijazoea, kwa hiyo usinikatize. Nilikudhania vibaya. Nilipaswa kuuliza nikanuna. Nilijivunia koti, na kumbe mwenye koti ndiye wa kujivunia. Nisamehe."

Kinyozi akaiweka mashine chini. "Ungeniuliza mara moja zaidi ningesema. Nilikuwa naomba usiniulize. Nilipoacha kupiga simu, ilikuwa kwa sababu hiyo, siyo hasira."

"Na mimi nilikuwa naomba upige."

Watu wote dukani wakawa wanatazama sakafu, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

"Siku zote nilisema nataka mwanamume asiyenificha kitu," Sindano akaendelea, kichwa juu. "Sasa namtaka huyu anayejua kutunza aibu ya mzee hata ikimuumiza. Sitangoja Jumapili ipite ndipo niombwe. Unanioa au hunioi?"

Mtu aliyetamba kwa kila mteja akasema kitu chini chini, macho yamelowa.

Mlangoni, Mwalimu Mkuu alikuwa amefika, ameegemea fremu, mbwa kakaa miguuni pake. Akajinyoosha kadiri mwili ulivyomruhusu.

"Jibu kwa sauti," akasema. "Darasa zima lisikie."

"Namuoa," Kinyozi akasema, na muuza matunda ng'ambo ya barabara akasikia, akaanza kupiga makofi.