Chungu Alichokiosha Kamene

Sufuria za Kamene hung'aa. Huko kijijini Kola kila mtu anajua hivyo. Kila jioni huchukua majivu na kitambaa, akazisugua mpaka masizi yote yatoke. Mwanamke mwenye sufuria nyeusi, Kamene humwita mvivu, tena humwambia usoni.

Kabla ya mvua, Kamene na mumewe, Wathome, walikuwa wakichimba tuta la kuzuia udongo shambani. Jembe likagonga kitu. Kilikuwa chungu cha zamani, kile Wakamba wanakiita mbisu, kimekaa juu ya mafiga matatu. Hapo chini palikuwa na majivu na vipande vya mifupa. Kamene akakibeba nyumbani. Akakisugua nje na ndani mpaka kikatakata, akakiweka sebuleni.

Kesho yake Mukai, binti wa jirani, akaja kukiona. Kazi yake ni kuchunguza maisha ya watu wa kale. Alikuwa likizo kutoka kisiwa kimoja ziwani, ambako yeye na wenzake wanafukua kijiji cha zamani sana.

"Mama Syombua," akasema, akimwita Kamene kwa jina la mwanawe, "nani ameosha hii?"

"Ni mimi. Si imependeza?"

"Imeharibika!" Mukai akafoka.

Kamene akapandwa na hasira. "Wewe mtoto, unaingia kwangu unanipigia kelele? Nimetoa uchafu, sijaiba!"

"Haikuwa uchafu, mama. Ilikuwa chakula."

"Chakula gani?"

"Hata mimi ningetaka kujua! Kule kisiwani hakuna mtu alituandikia barua. Watu hao hawakujua kuandika. Tuko na vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na mawe ya kusagia. Chungu kikiwa na ukoko ndani, wataalamu wanaupima, wanajua kama walipika samaki ama nafaka. Hata mahali kitu kimelala panasema. Mahali jiwe la kusagia liko, hapo mtu alipiga magoti akisaga. Ukikitoa na ukikiosha, unabaki na chungu tu."

Kamene akakitazama chungu. Kilikuwa safi kabisa, na sasa usafi ule ulimchukiza.

"Kwa hivyo kuna mama alipikia watu wake, na mimi nimefuta?"

"Umefuta."

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Kamene alikumbuka kwamba Wathome bado anachimba. Akatoka mbio, Mukai nyuma yake. Wakamkuta ameshika figa moja, anataka kulitupa.

"Rudisha hiyo jiwe!" Kamene akapaza sauti.

"Mvua inakuja," Wathome akasema. "Hii tuta itaisha lini?"

"Pitisha tuta huko juu! Kama unataka kuvunja jiko la mwenzangu, vunja na langu, halafu jioni ukule hayo mawe!"

Wathome akalirudisha figa mahali pake.

Ndipo Mukai akaona mdomo wa chungu kingine, kidogo, bado kimefukiwa. Hawakukigusa. Wakafunika mahali pote kwa magunia, na Mukai akawapigia simu watu wa makumbusho. Walipofika, walipiga picha kila kitu kilipokuwa kabla ya kukiinua. Wathome alichimba tuta lake juu kidogo, na mvua ilipokuja udongo haukuondoka.

Baada ya miezi kadhaa Mukai akaleta majibu.

"Ile ndogo ilikuwa na mtama, mama. Alipika uji wa mtama."

Kamene akatabasamu kama mtu aliyepata habari za dada yake. Kisha uso ukabadilika. "Na ile kubwa?"

"Hiyo hatutajua."

Kamene alijikasirikia, na hasira hiyo haijamtoka. Juzi jirani yake Kasyoki, akichimba shimo la choo, alipata vigae vyeusi. Alikuwa ameshaleta beseni la maji na sabuni, tayari kuviosha. Kamene akafika akihema, akalipiga beseni teke, maji yote yakamwagika.

"Toa mkono!" akasema. "Mimi nimenyamazisha mama mmoja wa kale. Wewe hunyamazishi wa pili."