Mkasi na Vidonge vya Mama

"Nimesema sikimezi!" Mama alisukuma kisahani hadi ukingoni mwa meza. "Kwa nini nusu? Mimi ni nusu mtu?"

"Mama, usianze."

"Nimeshaanza. Leo siku ya nane unanipa kipande. Daktari aliandika kidonge kimoja kila asubuhi. Nusu aliiandika wapi?"

Binti yake alishusha pumzi. Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani moja, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja juu ya rafu. Sifa yake kubwa ilikuwa kubana kitambaa. Pale ambapo fundi mwingine angetoa gauni moja, yeye alitoa gauni na sketi ya mtoto.

Basi ugonjwa wa mlipuko ulipoingia mjini, redio ikawaonya wazee wakae mbali na misongamano. Dawa za presha za Mama zilikuwa zimebaki vidonge kumi na vinne. Fundi akakumbuka foleni ya duka la dawa, watu wamebanana, huyu anakohoa, yule anapiga chafya. Akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi. Kila kidonge akakifanya viwili.

"Dawa ya wiki mbili nimeifikisha wiki nne," alisema sasa. "Au unataka nikakuletee ugonjwa humu ndani?"

"Na hiki kichwa kinachonigonga tangu juzi, nani kakileta?"

Fundi akageuka. "Kichwa gani?"

"Kichwa changu. Nina kingine?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme vipi? Nikikohoa mara moja tu unafungua madirisha yote, unanitazama kama mwizi."

Mama aliinuka aende jikoni, akashika meza kwanza kabla ya kupiga hatua. Fundi aliona. Hasira ikamwisha, hofu ikamwingia.

"Kaa, Mama. Nakwenda duka la dawa."

"Nenda na paketi ya dawa," Mama alisema. "Na hivyo vipande vyako ubebe. Yule mfamasia hapendi hadithi."

Fundi alivaa barakoa, akatia paketi na vipande mfukoni, akatoka haraka.

Alipofika kwenye duka la dawa alisimama, akadhani amepotea njia. Foleni ile ya kubanana haikuwepo. Mlangoni palikuwa na ndoo yenye bomba, sabuni na taulo za karatasi. Chini, alama za rangi nyeupe zilikuwa zimechorwa hatua mbilimbili, na watu watatu walisimama kila mmoja kwenye yake. Hakuna aliyeingia ndani. Meza iliwekwa kuziba mlango, na juu yake lilining'inia karatasi la plastiki linaloonyesha. Dawa zilipitishwa chini yake.

Fundi alinawa, akasogea hadi nyuma ya mzee mwenye kofia.

"Alama yako hiyo ya nyuma, dada," mzee alimwambia. "Hii yangu nimeizoea."

Fundi akacheka, akarudi nyuma.

Mfamasia walimwita Soma Kwanza. Hakumpa mtu dawa kabla hajamwambia, "Soma kwanza." Asiyejua kusoma alisomewa taratibu, kisha akaulizwa maswali mpaka aeleze mwenyewe atakavyoitumia.

Zamu yake ilipofika, Fundi aliweka paketi na vipande mezani. Soma Kwanza alivitazama vipande, akamtazama yeye.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Nilitaka vidumu. Niliogopa foleni."

"Mama anajisikiaje?"

"Kichwa kinamgonga. Anashika meza akisimama."

"Kifua kinauma? Uso umepinda? Mkono au mguu mmoja umekosa nguvu? Anaongea vizuri?"

"Anaongea sana. Amenigombeza asubuhi nzima."

"Vizuri. Ukiona hata moja kati ya hayo niliyokuuliza, usije kwangu. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, mlipuko au hakuna mlipuko." Alichukua kipande kimoja. "Fundi, hiki si kitambaa. Kidonge hiki kimetengenezwa kiyeyuke polepole mchana kutwa. Ukikikata, dawa inatoka kwa mkupuo mmoja, halafu saa zinazobaki mwili hauna kitu. Tena ni nusu ya dawa. Presha inapanda, mnadhani anajitibu."

"Lakini vipo vidonge vinavyokatwa."

"Vipo. Vingi vina mstari katikati. Hata hivyo hukati mpaka daktari au mimi tukwambie. Hiki hakina mstari. Soma kwanza, hapa kwenye paketi."

Fundi akasoma kwa sauti. Maneno yalikuwa machache: Meza kizima. Usikate wala usitafune. Paketi ile ilikuwa imekaa kando ya cherehani yake zaidi ya wiki tatu.

"Ningekupigia simu," alisema kwa sauti ndogo, "lakini sikujua unapokea."

"Napokea tangu mlipuko uanze. Namba ile pale ukutani. Mgonjwa wa presha au sukari mwenye cheti cha daktari hapa kwangu hana haja ya kuja. Unapiga, naandaa mfuko, naandika jina, unachukua bila kusubiri. Mzee anapelekewa nyumbani. Na kama cheti chake kinaruhusu, nampa dawa ya miezi miwili badala ya mmoja. Mwenye homa au kikohozi ndiye hasa simtaki mlangoni. Apige kwanza, nimwelekeze."

"Na anayetaka kuja mwenyewe?"

"Saa ya kwanza asubuhi ni ya wazee peke yao."

Soma Kwanza alimpigia daktari aliyeandika cheti, akaeleza yote. Jibu lilikuwa fupi: arudi kwenye kidonge kizima leo, asimeze viwili ili kufidia, na presha ipimwe sasa. Msaidizi wake, dada mmoja mwenye baiskeli, akatia mashine ya kupimia na dawa ya miezi miwili kwenye begi, akamfuata Fundi.

Mama alipimiwa barazani, penye hewa. Alikaa dakika tano kimya, jambo lililomtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Mashine ikavuta, ikalegea.

"Imepanda, Mama, ila haijafika pabaya," msaidizi alisema. "Kesho na keshokutwa nitapita tena asubuhi. Isiposhuka, daktari anataka kukuona."

Fundi alileta maji na kidonge kizima kwenye kisahani.

"Nisamehe, Mama."

Mama alikishika kidonge, akakigeuza mwangani. "Hiki sasa ndicho kidonge," alisema, akakimeza. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Miezi miwili sitakuona na mkasi?"

"Hunioni."

Msaidizi alikuwa akifunga begi. Akauliza, "Kuna mtu mwingine uliyemkatia dawa?"

Fundi akainamisha kichwa. Mama akamhimiza: "Mwambie mtoto wa watu."

"Muuza mayai, nyumba ya pili," Fundi alisema. "Ana sukari. Aliniona nakata, akaniomba nimkatie na zake. Juzi."

"Zote?"

"Zote."

Juu ya meza ya kukatia gauni la mteja lilikuwa nusu tayari, na mwenyewe angelifuata adhuhuri. Fundi hakulitazama. Alivaa tena barakoa, akatoka na msaidizi akisukuma baiskeli nyuma yake. Akasimama hatua mbili kutoka lango la jirani, akagonga kwa jiwe.

"Shoga! Toka!"

Muuza mayai akachungulia. "Kulikoni?"

"Lete vile vipande vyote nilivyokukatia, na paketi yake. Nilikosea."

"Wewe? Nami nimekusifu mtaa mzima, nikisema Fundi ana akili!"

"Kuna uliyemfundisha?"

"Sijamfundisha mtu."

"Afadhali. Leta upesi. Huyu dada anatoka duka la dawa, atazungumza na mfamasia sasa hivi, uletewe vizima. Na uandike namba yao ya simu."

Muuza mayai akaingia ndani. Alirudi na kikopo na kalamu.

"Haya," alisema, "nitajie hiyo namba."