Mtaro Uliofukiwa Unaonekana Kutoka Juu

Pampu alikunywa chai akiwa amesimama jikoni. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya mashine yake ya kuvuta maji, ambayo aliipenda kupita kiasi. Mkewe ni nesi. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Mdogo wako amepita hapo nje," mkewe alisema. "Amenisalimia mimi tu."

"Nani ana shida na salamu zake?"

"Mtanuniana mpaka lini, mume wangu?"

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa shamba la ngano waliloachiwa na baba yao. Zamani yalikuwa mashamba mawili, katikati kuna mtaro. Baba aliufukia mtaro ili trekta lipite vizuri. Kabla ya kufa aliwaambia wanawe, "Mkubwa achukue upande wa barabara, mdogo achukue upande wa mto. Mpaka wenu ni mtaro ule."

Sawa, lakini mtaro ulikuwa wapi? Pampu alisema ulianza kwenye tangi la maji, mwisho wa juu wa shamba, ukashuka moja kwa moja. Mdogo wake, ambaye ni dereva wa lori, alisema hapana. Ulianza kwenye ghala, mwisho wa chini, ukapanda moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulimpa mwenyewe kipande kikubwa. Wakaacha kusemezana. Hata watoto wao walikatazwa kucheza pamoja, na hilo ndilo lililomuuma nesi kuliko yote.

Nesi hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Alikwenda ofisi ya ardhi, akamleta mpima.

"Wiki ijayo nitapiga picha kutoka juu," alisema mama mpima. "Nina kandege kadogo kenye kamera."

Jioni Pampu alilitazama shamba lao lililoanza kukauka. Akaona aibu.

"Lipigwe picha hivi hivi? Watasema sijui kulima!"

Akawasha mashine. Alimwagilia shamba zima, akalirudia tena. Mama mpima aliporusha kandege kake, picha ilionyesha kijani kitupu.

"Limependeza, eti?" Pampu aliuliza huku akitabasamu.

"Limependeza mno. Umefuta nilichokuja kutafuta."

Tabasamu lilimpotea.

"Sikiliza, kaka," mama mpima alisema. "Mtaro ukifukiwa haupotei. Mahali pale udongo una kina kirefu na ni laini, kwa hiyo unashika maji. Wakati wa ukame, ngano iliyo juu yake inabaki kijani. Ya pembeni inageuka njano mapema. Ukisimama shambani huoni kitu. Ukiwa juu, unaona mstari."

"Na kama chini kuna msingi wa ukuta wa mawe?" nesi aliuliza.

"Hapo ni kinyume. Mizizi haipati nafasi, ngano inadumaa na kukauka kwanza. Lakini shamba lote likishiba maji, yote inafanana."

"Sasa tufanye nini?" Pampu aliuliza.

"Zima mashine. Ngano ione kiu."

"Mavuno yatapungua!"

"Yatapungua kidogo. Sikufichi."

Pampu alimtazama mkewe.

"Usiniangalie mimi," nesi alisema. "Unataka magunia yote, au unataka ndugu?"

Pampu aliguna. Kisha akaenda kuzima mashine. Alizunguka nyumbani kama mtu aliyefiwa, lakini hakuiwasha tena.

Jua likawaka kwa wiki kadhaa. Mama mpima aliporudi, dereva naye alikuja. Alisimama kando, amekunja mikono.

Picha ilipotokea, wote waliinama kuitazama. Ngano ilikuwa ya njano, na katikati ulipita mstari wa kijani. Ulianza kwenye tangi. Haukushuka moja kwa moja, bali ulikwenda mshazari mpaka kwenye ghala.

"Utotoni mimi nilichunga mbuzi huku juu," Pampu alisema taratibu. "Nilikuwa naujua mwisho huu tu."

"Mimi nilikuwa na mama kule ghalani," dereva alisema. "Huku juu sikufika."

"Bado msishangilie," mama mpima alionya. "Mstari kama huu unaweza kuwa mkondo wa maji wa zamani, au bomba lililofukiwa. Picha inatuonyesha pa kuchimba. Tuchimbe tuhakikishe."

Dereva alivua shati, akachimba kukatiza mstari. Pembeni udongo ulikuwa mwekundu na mgumu. Katikati ulikuwa mweusi na laini, na umbo la mtaro lilionekana wazi. Alipomaliza, shimo lilimfika kifuani.

"Kaka," alisema. "Nipe mkono."

Pampu alimvuta juu. Kisha akamkumbatia pamoja na udongo wake wote.

Siku ile ile walisimika nguzo za mpaka kutoka kwenye tangi mpaka kwenye ghala. Mama mpima alizipima, na ndugu wote wawili wakaweka sahihi. Watoto walikuwa wameshaanza kucheza mpira pamoja, wala hawakungoja ruhusa.

Mavuno yalipungua kweli. Pampu alilalamika njia nzima kwenda sokoni, na mdogo wake alimsikiliza huku akiendesha lori lililobeba ngano ya wote wawili.