Sakafu Chafu, Baa Nzuri

Mzee Eutimio Barrantes alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hamsini kati ya hiyo hakuna Jumapili iliyompita bila kuzunguka baa za Madrid. Kwa hiyo siku aliposimama kwenye mteremko ulio chini ya ukuta wa kale, ule walioujenga Waarabu, akautazama mlango mwembamba wa kijani na kusema, "Hii baa mbona siijui," binti yake Casilda alipaswa kumshika mkono na kumrudisha nyumbani palepale. Hakufanya hivyo. Alicheka.

"Umezeeka, baba. Unasahau."

"Nisahau siku yako ya kuzaliwa, sawa. Baa, hapana."

Ilikuwa saa nane mchana, jua la utosi. Walishapita baa mbili, moja ya zeituni, nyingine ya dagaa wa siki. Ndiyo desturi ya kule: kinywaji kimoja, sahani moja ndogo, kisha miguu barabarani kwenda kwingine, maana anayeganda baa moja mchana kutwa ni mtalii au mgonjwa. Tangu mama yake afariki, Casilda hakumwacha mzee azunguke peke yake. Moyo wa mzee ulikuwa mbovu, na binti hakuwa na ndugu, mume wala mtoto. Baba akienda, basi.

Mzee alisukuma mlango, akatazama chini kwanza. Watu wa mji ule huipima baa kwa sakafu yake. Karatasi za kufutia mikono, vichwa vya kamba wa baharini, kokwa za zeituni, vifupa vya kuku, vyote hutupwa chini ya kaunta, na kadiri uchafu unavyozidi ndivyo mpishi anavyosifika. Bibi yeyote wa pwani ya kwetu angewaambia kwamba mifupa na masazo ni chakula cha jini, na kwamba ukimwandalia kila siku, siku moja atakuja kukaa mezani. Lakini nani angemsikiliza? Sakafu hii ilikuwa imefunikwa hadi vifundoni.

"Mwanangu, tumefika," mzee alisema, uso umemng'aa.

Casilda alinusa. Kamba walikuwa wakichomwa mbele ya macho yake, kitunguu saumu kinatoa moshi, lakini harufu iliyomjia ni ya udongo wa kaburi na ubani. Watu wapatao kumi walisimama kwenye kaunta, wamewapa mgongo. Hakuna aliyezungumza. Baa ya Madrid isiyo na kelele, hiyo nayo ni baa?

"Baba, twende zetu," alinong'ona.

"Kula kwanza. Haraka yako hiyo ndiyo iliyowakimbiza wachumba."

Mhudumu, kijana mwembamba wa shati jeupe, aliweka sahani ya kamba mbele yao. Mzee alifyonza kichwa cha kamba, akakitupa chini. Karatasi zikafunuka, kichwa kikaingia, na chini yake Casilda akasikia kitu kikitafuna, ko, ko, ko, kama mbwa na mfupa wake. Yeye maganda yake aliyatia mkobani, tabia yake tangu utotoni, na baba yake humcheka kwayo. Siku hiyo tabia hiyo ilimwokoa, maana hakumlisha aliyekuwa chini.

Mtu wa pembeni yao alimaliza sahani yake. Aliitazama sakafu kwa muda, akatia kidole cha shahada mdomoni, akauma. Hakupiga kelele. Alikitema kidole chini, na kile kitu kikatafuna, na hapo ndipo Casilda alipowatazama wale wengine vizuri, mmoja baada ya mwingine, akaona mikono ya mashati ikining'inia mitupu, akaona mama wa makamo asiye na masikio, mwenzake asiye na midomo, meno yote nje, na wote macho yamekodolewa sakafuni kwa adabu, kama wageni wanaoona haya kwa kukosa cha kumpa mwenye nyumba.

"Sahani imeisha," mzee alinong'ona kando yake. "Nitupe nini, Casilda? Hajashiba."

Alipogeuka, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakwenda, na mzee alikuwa ameking'ata cha tatu. Casilda alimshika taya kwa mikono miwili, akalivuta, akampiga kofi baba yake mzazi, akampiga la pili, na mhudumu akainama juu ya kaunta, mwili ukirefuka na kurefuka, maana hakuwa na miguu, aliota kutoka sakafuni kama shina, akamkamata Casilda nywele na kumbamiza uso kwenye marumaru, mara moja, mara mbili, hata jino likavunjika na mdomo ukajaa damu. Karatasi zote zikafunuka kungoja ateme. Casilda hakutema. Alimeza jino, akameza damu, akapapasa hadi akapata bakuli la chumvi ya mawe ya mpishi, akalimwaga lote, nusu machoni mwa kile kiumbe, nusu sakafuni.

Sakafu ililia kwa sauti za watu wengi. Karatasi zilijikunja kando na chini yake kulikuwa na ufizi mwekundu, na meno ya binadamu safu kwa safu. Casilda alimburuta baba yake kwa ukosi. Wale wateja walimng'ang'ania mzee kwa vigutu vyao, na Casilda akavunja chupa kichwani mwa wa kwanza na kumchoma wa pili shingoni kwa kigae, akaendelea kuchoma hadi akauhisi mlango mgongoni.

Nje, watu walikuwa wakila aiskrimu. Nyuma ya baba na binti palikuwa na ukuta mtupu, mlango haupo.

Hospitalini walimshona mzee na kumlaza. "Moyo umestahimili," daktari alisema. "Lakini damu ikimtoka tena, hatutaweza kumwokoa." Casilda alilia kwa furaha, akaenda bafuni kusukutua kinywa. Aliporudi, baba yake alikuwa anatafuna. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikuwepo.

"Si mimi, mwanangu," mzee alisema, machozi yanamtiririka. "Ni yeye. Amekuja nami."

Wauguzi walimfunga mikono kitandani. Mzee alianza kuutafuna mdomo wake wa chini. Waliingiza kitambaa, akakitafuna hadi kikaisha, akarudia mdomo, na damu ikaanza kushuka kwenye shuka huku wakikimbizana kutafuta dawa ya kumlaza. Casilda aliyatazama macho ya baba yake. Yalikuwa yakimwomba aondoke.

Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mwache baba," alimwambia taratibu yule aliyekuja naye. "Mimi bado ninavyo kumi."

Akamtilia kidole chake cha kwanza kati ya meno.